Foleni ya ndoo, kisima cha hosteli, na programu iitwayo MODFLOW

Nimepotea kidogo, majaribio yalinibana, na boom nalo mnajua lilivyo. Leo nimerudi na jambo lililoanzia kwenye foleni ya ndoo.

Wiki mbili zilizopita maji ya bomba yalikatika hosteli, tukahamia kwenye kile kisima cha kamba huko nyuma. Foleni ndefu, na foleni ndefu huzaa ubishi. Rumeti wangu akasema maji ya chini hayawezi kuisha, mvua ikinyesha yanarudi. Jamaa mmoja wa uhandisi akamsahihisha: yanaweza kuisha, ila hayaishi kama hatuchoti zaidi ya kile ambacho mvua inarudisha kila mwaka. Hapo kila mtu akaitikia, hoja ikafungwa. Hata mimi niliitikia. Si ni kama akaunti ya benki tu? Usitoe kuliko unachoweka.

Basi bwana, kumbe jibu la yule jamaa ni kosa maarufu kabisa. Mwaka 1982 wataalamu watatu, Bredehoeft, Papadopulos na Cooper, waliandika makala nzima kulipinga, na wakaliita hekaya. Nimezama maktaba siku nne kwa ajili ya hekaya hiyo, asaimenti ya saikolojia ya elimu ikinisubiri mezani (mwalimu wangu asisome hapa, tafadhali). Nilichokuta ni historia ya watu waliotaka kuhesabu maji wasiyoyaona, ikaishia kwenye programu ya kompyuta. Naisimulia kama nilivyoielewa mimi mwanafunzi wa ualimu wa hisabati na jiografia, siyo mhandisi.

Inaanzia Ufaransa, mji wa Dijon. Henry Darcy alikuwa mhandisi wa mji huo, na mwaka 1840 alikuwa ameshawaletea watu maji safi ya chemchemi ya Rosoir, umbali wa zaidi ya kilomita 12. Mwaka 1855 na 1856, afya yake ikiwa tayari imedhoofika, alijaza mchanga ndani ya bomba lililosimamishwa wima akapima maji yanapita kwa kasi gani. Aliona jambo moja rahisi: ukiongeza mara mbili tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini, maji yanayopita yanaongezeka mara mbili, ukirefusha mchanga mara mbili, yanapungua nusu. Akaliweka kwenye kiambatisho cha kitabu chake juu ya mabomba ya Dijon, 1856. Miaka miwili baadaye akafariki. Kila programu ya maji ya ardhini iliyofuata imejengwa juu ya kiambatisho hicho!

Ila sheria ya Darcy inaeleza kipande kimoja cha mchanga. Ukiwasha pampu, kiwango cha maji kinashuka pale kisimani, halafu hapa jirani, halafu kule mbali, kila siku tofauti na jana. Mwaka 1935 Mmarekani Charles Theis, aliyekuwa akifanya kazi New Mexico, aligundua kwamba hali hiyo inafanana na joto linavyosafiri ndani ya chuma. Hesabu za joto wanahisabati walikuwa nazo zamani. Yeye hisabati hiyo hakuiweza peke yake, akamwomba rafiki yake Clarence Lubin, mwalimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Cincinnati, amsaidie. Hilo lilinifurahisha sana. Fomula inayofundishwa dunia nzima ilipatikana kwa sababu mtu hakuona haya kuomba msaada wa hesabu.

Fomula ya Theis ina sharti moja gumu: tabaka la mwamba lenye maji liwe sawasawa kila mahali na lisiwe na mwisho. Nani ana ardhi ya namna hiyo? Ardhi halisi ina mto upande huu, mwamba mgumu upande ule, mchanga hapa, mfinyanzi pale. Kwa kisima kimoja fomula inatosha. Kwa bonde zima, lenye visima mamia, kalamu na karatasi vinashindwa.

Kabla ya kompyuta watu walitumia umeme, na hapa nilikaa na kitabu nikisahau hata kula. Umeme unapita kwenye waya kwa sheria inayofanana na ya Darcy: volti ni kama kimo cha maji, mkondo wa umeme ni kama mtiririko, rezista ni kama mchanga unaozuia, kapasita ni kama mwamba unaohifadhi. Kwa hiyo kule Phoenix, Arizona, kwenye maabara iliyoongozwa na Herbert Skibitzke wa USGS, yaani shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa jiolojia, walichukua mbao wakazifuma rezista na kapasita maelfu kwa maelfu katika umbo la bonde. Ulitaka kujua pampu mpya italeta nini, ulivuta umeme mahali pa pampu ukasoma volti. Hii ilikuwa miaka ya 1950 na 1960. Bonde zima likaning'inia ukutani! Lakini ukigundua kwamba mfinyanzi haupo pale ulipodhani, inabidi uchukue chuma cha kulehemu uanze kubandua rezista. Na bonde la jirani linahitaji ubao wake.

Wakati huohuo Canada kulikuwa na József Tóth, aliyeondoka kwao Hungaria baada ya mapinduzi ya 1956. Mwaka 1963 alionyesha kwa hisabati kwamba maji chini ya bonde moja hayaendi njia moja: mengine yanashuka kilima na kutokea mtoni hapohapo, mengine yanazama sana na kusafiri hadi mto mkubwa ulio mbali. Yeye aliuchora mwamba kama boksi lililonyooka, lenye mchanga wa aina moja. Mwaka 1966 Alan Freeze na Paul Witherspoon, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wakaipa kompyuta kazi hiyo, na sasa matabaka yakaweza kutofautiana. Halafu mwaka 1968 George Pinder na John Bredehoeft wakachapisha namna ya kutumia kompyuta kuhesabu pampu kwenye mwamba wa kweli. Mfano wao ulikuwa sehemu moja ndogo ya Nova Scotia iitwayo Musquodoboit Harbour, jina ambalo nimejaribu kulitamka mara kumi nikashindwa.

Kompyuta inafanyaje? Ngoja niwaeleze kwa madawati, maana ndivyo nilivyoelewa mimi na ndivyo nitakavyofundisha nikipata darasa.

Panga madawati matano kwa mstari. La kwanza ni bwawa la mlimani, kimo chake mita 20, halibadiliki. La mwisho ni mto, mita 12, nao haubadiliki. Wanafunzi watatu wa katikati ni ardhi. Hawajui kimo chao, kwa hiyo waanze na sifuri. Sheria ni moja: kila ukisikia kengele, chukua namba ya jirani wa kushoto na wa kulia, zijumlishe, gawa kwa mbili, hiyo ndiyo namba yako mpya. Kengele ya kwanza: 10, 0, 6. Ya pili: 10, 8, 6. Ya tatu: 14, 8, 10. Ya nne: 14, 12, 10. Endelea hivyo, baada ya kengele nyingi watatulia kwenye 18, 16 na 14. Hakuna aliyeona bonde zima. Kila mmoja alimtazama jirani tu, na bonde likajipanga lenyewe likashuka taratibu kutoka bwawani hadi mtoni.

Programu inafanya hivyohivyo kimsingi, ila dawati ni kisanduku cha ardhi chenye majirani sita, na kati ya jirani na jirani kuna namba ya Darcy inayosema mchanga huu unapitisha kiasi gani. Gridi ya visanduku 100 kwa 100 yenye matabaka matatu ni visanduku 30,000, yaani milinganyo 30,000 inayotegemeana.

Sasa weka pampu. Mwanafunzi wa katikati kabisa, baada ya kugawa, atoe 1. Watatulia 17, 14, 13. Mto bado unapata maji, ila kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu aliye jirani yake alikuwa 14 sasa ni 13. Ongeza nguvu ya pampu, atoe 3. Watatulia 15, 10, 11. Tazameni namba ya mwisho! Jirani wa mto yuko mita 11 na mto uko 12. Maji yamegeuka. Mto uliokuwa ukinyweshwa na ardhi sasa unanyonywa na ardhi.

Nilifanya hesabu hizi kitandani saa saba usiku, nikakaa. Kwenye madawati yale hakuna mvua popote. Maji ya pampu yote yametoka bwawani na mtoni. Na hicho ndicho Theis alichokiandika mwaka 1940. Kabla hujachimba kisima, mvua inayoingia ardhini ilikuwa tayari ina kwake: inatokea mtoni, chemchemini, kwenye mizizi ya miti ya bondeni. Hakuna maji ya ziada yaliyokaa yakikusubiri. Ukivuta, lazima moja kati ya matatu litokee: kiwango cha maji kishuke, au maji mengi zaidi yaingie kutoka mahali fulani, au mahali fulani pakose yale yaliyokuwa yakipafikia. Kwa hiyo kujua mvua inarudisha lita ngapi hakukuambii unaweza kuchota lita ngapi. Unaweza kuchota chini ya kiasi cha mvua na bado ukaukausha mto. Ile makala ya 1982 ilionyesha kwa modeli kwamba mabonde mawili yenye mvua ileile na uchotaji uleule, ila visima vimewekwa mahali tofauti, yanakwenda njia tofauti, na kutulia kunaweza kuchukua mamia ya miaka. Mamia! Rumeti wangu na yule jamaa wa uhandisi, mmesoma hapo?

Ndiyo maana programu ilihitajika. Siyo anasa ya wataalamu. Swali la "maji haya yanatoka kwa nani" halijibiki kwa kuhesabu mvua, linajibika kwa kuyafuata maji kisanduku kwa kisanduku.

Na Marekani swali lilikuwa limeiva. Chini ya majimbo manane ya katikati kuna hazina ya maji iitwayo High Plains, kama kilomita za mraba 450,000, karibu nusu ya Tanzania yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima waliivuta kwa pampu kumwagilia mashamba, hata kufikia 1980 maji yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 30 katika sehemu za Texas, Oklahoma na Kansas. Baada ya ukame wa miaka ya 1976 na 1977, Bunge lao likatoa fedha, na mwaka 1978 USGS ikaanza mpango wa kuchunguza hazina kubwa za maji, mkoa baada ya mkoa. Ukaendelea hadi 1995 na kugusa mifumo 25. Kila timu ilihitaji modeli.

Programu zilikuwepo, hasa zile za Peter Trescott na wenzake za 1975 na 1976. Tatizo lilikuwa hili: kila mtaalamu alipotaka kitu kisichokuwemo, tuseme mto au mfereji, aliufungua msimbo akachomeka mistari yake. Mwingine akachomeka yake. Baada ya miaka michache kulikuwa na programu nyingi zenye asili moja zisizosikilizana, na ukipewa moja hujui nani aligusa wapi. Ni kama noti za mwaka wa kwanza zinazozunguka hosteli, kila aliyezitoa kopi kaongeza lake pembeni, hadi hujui mwalimu alisema nini.

Mwaka 1981 Michael McDonald na Arlen Harbaugh wa USGS wakaanza upya. Wazo lao: kiini kibaki kidogo, na kila jambo la duniani liwe kifurushi kinachojitegemea. Kifurushi cha visima. Cha mito. Cha mvua inayozama. Cha mifereji. Cha maji yanayopotea hewani. Unachohitaji unawasha, usichohitaji unaacha, na ukitaka kuongeza kipya unaandika chako bila kuvunja vya wenzako. Wakakiandika kwa Fortran na kukitoa mwaka 1984, toleo lililoimarika likafuata 1988. Jina MODFLOW lenyewe lilikuja baadaye, mwanzoni ilikuwa na jina refu la ripoti tu.

Lakini mimi kama mwalimu mtarajiwa nilichokipenda ni kitabu chake. Zaidi ya kurasa 500! Siyo kitabu cha "bonyeza hapa", ni somo. Kinaanza na kisanduku kimoja na majirani zake, kinajenga mlinganyo mbele ya macho yako, halafu kinaonyesha msimbo wote, pamoja na maelezo ya unafanya nini. Waliandika wakijua kwamba kuna mtu asiyewafahamu, mbali sana, atakayekaa peke yake na kitabu hiki. Wangapi wanaotuandikia handout wanamfikiria mtu huyo? Tuyaache hayo.

Na kwa kuwa ni kazi ya serikali ya Marekani, haina hakimiliki ya kumzuia mtu. Unachukua bure, unasoma, unabadilisha. Kompyuta ndogo za mezani zikaingia maofisini miaka ileile ya 1980, na programu ikaenda nazo duniani kote. Ikaja MODFLOW-96, MODFLOW-2000, MODFLOW-2005, kisha MODFLOW 6 mwaka 2017. Fortran bado imo. Makampuni yamekuwa yakiuza sura nzuri za kuitumia kwa bei ambayo boom haliwezi, ila tangu 2009 USGS wana yao ya bure, ModelMuse.

Sasa msidhani programu ikishapatikana ukweli nao umepatikana. Mwaka 1986 Leonard Konikow alifanya jambo ambalo watabiri wengi hulikwepa: alirudi kukagua. Alichukua ile modeli ya umeme ya mabonde ya Salt River na Santa Cruz ya chini, Arizona, iliyokuwa imerekebishwa kwa kumbukumbu za miaka 40 hivi, kuanzia 1923 hadi 1964, kisha ikatabiri maji yatashuka kiasi gani 1965 hadi 1974. Akalinganisha na vipimo halisi. Viliachana vibaya. Sehemu ya sababu ni kwamba modeli ilidhani watu wataendelea kupampu kama zamani, na watu hawakufanya hivyo. Miaka 40 ya kumbukumbu nzuri, na bado! Mwaka 1992 yeye na Bredehoeft (ndiyo, huyohuyo) wakaandika wazi kwamba modeli ya maji ya ardhini haiwezi kuthibitishwa kuwa ni kweli. Kupatana na jana siyo dhamana ya kesho.

Mwaka huohuo wa 1986 suala la mto lilifika mahakamani. Mji wa Woburn, Massachusetts, visima viwili vilivyoitwa G na H vilifungwa mwaka 1979 baada ya kukutwa na kemikali za viwandani, na familia zilizopoteza watoto kwa saratani ya damu zikashtaki makampuni. Ardhi ya mojawapo ilikuwa ng'ambo ya mto Aberjona. Je, visima viliweza kuvuta maji kupitia chini ya mto hadi ng'ambo? Shahidi wa familia alikuwa George Pinder, yuleyule wa 1968. Mawakili walimbana hasa kuhusu mto: unatoa kiasi gani cha maji ya visima? Kampuni ya ng'ambo, Beatrice, ikaonekana haina hatia; ile nyingine, W. R. Grace, ikalipa kwa makubaliano. Dawati la nne na la tano, ndugu zangu. Kumi na moja au kumi na tatu. Kwa familia zile haikuwa asaimenti.

Kwetu nako kuna la kusema. Dodoma hunywa maji ya visima vya Makutupora, na pale viwango vya maji vimekuwa vikiandikwa tangu miaka ya 1950. Utafiti uliotoka 2013 ulitumia kumbukumbu za miaka 55 za pale na kuonyesha kwamba maji hayarudi kila mwaka kama mshahara. Yanarudi kwa kishindo katika miaka michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha yanashuka taratibu miaka na miaka. Ukiipa programu wastani wa mvua ya mwaka itakubali bila kulalamika na kukupa ramani nzuri yenye rangi, nayo itakuwa imekosea. Kilichookoa ni mtu aliyekwenda kwenye kisima, akateremsha kipimo, akaandika tarehe na namba. Halafu akaja mwingine baada yake.

Nimemsimulia rumeti yote haya. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hicho kisima chetu maji yake yanatoka kwa nani?" Nikanyamaza. Nikamwuliza mzee anayetunza mazingira pale hosteli kama kuna mahali wameandika kina chake. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kamba ikifika, maji yapo."

Basi jana jioni tumefunga jiwe kwenye kamba, tukaazima tepu ya fundi cherehani pale getini. Mita 7 na sentimita 40 kutoka ukingoni. Nimeandika tarehe kwenye jalada la nyuma la daftari la Calculus. Jumamosi saa 12 asubuhi tunapima tena, kabla foleni haijaanza. Mwenye tepu ndefu kuliko ya cherehani aniambie.